Alzheimer: Daktari aliyemuuliza mgonjwa jina lake

JINA la mtu huyu huenda umewahi kulisikia bila kujua kwamba ni jina la mtu. Wengi hudhani Alzheimer ni neno la kidaktari tu, kama malaria au pumu. Hata mimi nilidhani hivyo, na mimi ni mwalimu wa sayansi, niliyefundisha habari za seli kwa zaidi ya miaka ishirini.

Nililisikia jina hilo kwa sababu ya mama yangu. Mwaka 2009 tulirudi Burundi tukitokea makazi ya wakimbizi ya Katumba, karibu na Mpanda nchini Tanzania, ambako mimi nilizaliwa na kusoma. Mama alikimbilia huko mwaka 1972 akiwa msichana, na kwa miaka 37 aliomba Mungu amrudishe nyumbani. Sasa tuko nyumbani, Rumonge, na kila jioni mama hufunga nguo zake kwenye kitenge, akakaa mlangoni na kuniomba nimrudishe nyumbani.

Mwanzoni nilibishana naye. Nilimwonyesha ziwa, milima na mti alioupanda baba yake. Alitikisa kichwa tu. Majirani wakaanza kunong'ona. Wengine walisema amerogwa kwa ajili ya ugomvi wa mashamba. Wengine wakasema ni yeye mchawi, ndiyo maana hutembea usiku. Katika kituo kimoja cha afya alipewa dawa za malaria. Ni daktari mmoja wa Bujumbura aliyekaa naye kwa saa nzima, akamuuliza jina lake, mwezi na mwaka tuliomo, kisha akanitajia ugonjwa huo.

Nilirudi nyumbani nikitaka kujua ni nani huyu aliyeuachia jina ugonjwa wa mama yangu. Makala haya ni habari za maisha yake.

KIJANA WA BAVARIA

Alois Alzheimer alizaliwa tarehe 14 Juni, 1864 katika mji mdogo wa Marktbreit, huko Bavaria. Siku hizo Ujerumani ilikuwa bado haijaungana kuwa nchi moja, na Bavaria ilikuwa na mfalme wake. Baba yake, Eduard, alikuwa mwanasheria wa kuandika na kuthibitisha hati. Mke wa kwanza wa Eduard alifariki baada ya kujifungua, naye akamwoa ndugu wa marehemu, Theresia. Huyo ndiye aliyemzaa Alois. Kwetu huku jambo hilo halimshangazi mtu.

Familia ilikuwa ya Kikatoliki na ilithamini elimu. Ilihamia mji wa Aschaffenburg ili watoto wapate shule nzuri. Alipomaliza, Alois alisoma udaktari katika vyuo vikuu vya Berlin, Würzburg na Tübingen. Hakuwa mwanafunzi mpole wa kujifungia na vitabu. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa, mpenda utani, na alijiunga na chama cha wanafunzi waliokuwa wakishindana kwa mapanga. Huko alipata kovu la shavuni ambalo aliishi nalo hadi kufa.

Mwaka 1887 alipata shahada ya udaktari huko Würzburg. Utafiti wake haukuhusu ubongo hata kidogo. Ulihusu tezi zinazotoa nta ya masikio. Lakini kazi hiyo ilimfundisha kutumia hadubini, naye akakipenda kifaa hicho kupita kiasi.

Nikiri hapa kwamba ninamwonea wivu. Katika shule ya makazi tuliyosoma sisi, hadubini ilikuwa mchoro wa chaki ubaoni. Tulikariri sehemu zake zote na kujibu mitihani, lakini nilikuwa mtu mzima nilipoweka jicho langu kwenye hadubini kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo namwelewa kijana aliyekesha akitazama kupitia kioo kile.

MCHANA WAGONJWA, USIKU HADUBINI

Mwezi Desemba 1888 Alzheimer aliajiriwa katika hospitali ya manispaa ya wagonjwa wa akili na wa kifafa, mjini Frankfurt. Jengo lilikuwa kubwa na la fahari kiasi kwamba wenyeji waliliita kasri la wendawazimu. Katika hospitali nyingi za wakati ule, wagonjwa wa akili walifungwa kamba, walivishwa mavazi ya kuwabana mikono na kufungiwa vyumbani. Mkurugenzi wa Frankfurt, Emil Sioli, hakutaka hivyo. Alzheimer alimsaidia kuondoa vifungo. Waliweka vyumba vikubwa ambamo wagonjwa walikaa pamoja chini ya uangalizi, na wale waliochachamaa walitulizwa kwa kukaa kwenye maji ya vuguvugu.

Mwaka uliofuata alikuja daktari mwingine kijana, Franz Nissl. Huyu, akiwa bado mwanafunzi, alikuwa amegundua namna ya kuzitia rangi seli za neva ili zionekane vizuri. Msomaji akumbuke kwamba ubongo ukikatwa kipande chembamba na kuwekwa chini ya kioo bila kutiwa rangi, huonekana kama ute tu. Bila rangi hakuna kinachoonekana. Alzheimer na Nissl wakawa marafiki wa kufa na kuzikana. Mchana walihudumia wagonjwa, na usiku walikaa kwenye hadubini wakichunguza bongo za waliofariki, wakitafuta alama za ugonjwa uliowasumbua walipokuwa hai.

Wakati huo wataalamu waligawanyika. Wapo walioamini kwamba ugonjwa wa akili ni jambo la nafsi, na kwamba mwilini hakuna cha kutafuta. Alzheimer alikuwa upande wa pili. Aliamini kwamba mtu akibadilika tabia na kupoteza akili, huenda kuna kitu kimeharibika ndani ya ubongo, na kitu hicho kinaweza kuonekana. Hakuwahi kumlaumu mgonjwa wala kumwogopa.

Miaka ya katikati ya 1890 alimwoa Cecilie Geisenheimer, mjane tajiri wa mfanyabiashara wa almasi. Walijaliwa watoto watatu, Gertrud, Hans na Maria. Mali ya mkewe ilimpa uhuru wa kufanya utafiti bila kuhangaikia mshahara. Furaha hiyo haikudumu. Februari 1901 Cecilie alifariki, akimwachia watoto wadogo. Dada yake Alois, Elisabeth, ndiye aliyekuja kuishi nao na kuwalea. Mjane huyo wa miaka 36 akajizika kazini.

MAMA AUGUSTE

Miezi tisa baada ya msiba huo, tarehe 25 Novemba, 1901, mwanamke mmoja aliletwa hospitalini na mumewe. Aliitwa Auguste Deter. Alikuwa na miaka 51. Mumewe, Karl, alikuwa karani wa reli, na walikuwa na binti mmoja. Karl alieleza kwamba mkewe, aliyekuwa mchapa kazi na mpole, alikuwa ameanza kumwonea wivu bila sababu. Baadaye alisahau kupika, akaficha vyombo, akazurura nyumbani akiburuta mashuka, na usiku akapiga kelele.

Kesho yake Alzheimer alikwenda kuketi naye. Na hapa, msomaji, ndipo ninapomheshimu zaidi mtu huyu. Hakumtazama kwa mbali na kuandika kwamba ni mwendawazimu. Alimuuliza maswali, tena na tena, siku baada ya siku, na aliandika kila jibu kama lilivyotoka.

Alimuuliza jina lake, akajibu Auguste. Alipomuuliza jina la mume wake, alijibu pia Auguste. Alipokuwa akila nyama ya nguruwe na koliflawa, daktari alimuuliza anakula nini, akajibu kwamba ni mchicha. Alionyeshwa kalamu, ufunguo na sigara, akavitaja sawasawa, lakini dakika chache baadaye hakukumbuka alichoonyeshwa. Alipoombwa aandike jina lake, aliandika neno la kumaanisha bibi fulani, kisha akasimama, kwa sababu jina lenyewe lilikuwa limeshamtoka. Katika mahangaiko hayo akasema kwamba amejipoteza mwenyewe.

Niliposoma habari hiyo nililazimika kufunga kitabu. Mama yangu naye, aliponiomba nimrudishe nyumbani, huenda hakuwa akitafuta Katumba wala Burundi ya kabla ya 1972. Alikuwa akijitafuta.

Alzheimer aliuona ugonjwa huu kuwa wa ajabu kwa sababu ya umri wa mgonjwa. Kusahau kwa wazee kulijulikana tangu enzi na enzi, na madaktari walikuhesabu kuwa sehemu ya uzee au matokeo ya mishipa ya damu kukakamaa. Lakini Auguste hakuwa kikongwe. Kwa hiyo daktari alitaka kujua kilichomo ndani.

Hakukaa Frankfurt kusubiri. Alihamia Heidelberg, na mwaka 1903 akamfuata bingwa wa magonjwa ya akili, Emil Kraepelin, hadi Munich. Lakini hakumsahau Auguste. Aliendelea kufuatilia hali yake kwa Sioli. Mwanamke yule alizidi kudhoofu, akawa halali wala haongei, amejikunja kitandani. Alifariki tarehe 8 Aprili, 1906 kwa maambukizi yaliyotokana na vidonda vya kulala muda mrefu. Alikuwa na miaka 55. Ubongo wake pamoja na faili lake vikapelekwa Munich.

MWAFRIKA KATIKA MAABARA YA MUNICH

Maabara ya Alzheimer huko Munich ilivuta vijana kutoka nchi nyingi. Kwa miaka kadhaa yeye mwenyewe alifanya kazi pale bila mshahara, akitumia fedha zake. Inasimuliwa kwamba alipita kwa kila mwanafunzi, akainama kwenye hadubini yake, akaweka sigara mezani, akaanza kueleza, kisha akaenda kwa mwingine akiisahau ile sigara. Jioni kila meza ilikuwa na kipande cha sigara yake.

Miongoni mwa wanafunzi hao alikuwamo Mwafrika, Solomon Carter Fuller, aliyezaliwa Monrovia, Liberia, mwaka 1872. Babu yake alikuwa mtumwa huko Virginia, Marekani, akajinunulia uhuru wake na kuhamia Liberia mwaka 1852. Fuller naye alivuka bahari mwaka 1889 kwenda Marekani kutafuta elimu, akawa daktari mwaka 1897. Mwaka 1904 alifika Munich na kuwa miongoni mwa wageni wachache waliopokelewa kufanya kazi kwenye maabara ya Alzheimer.

Sisi tuliosomea ugenini tunaielewa safari ya namna hiyo. Fuller aliporudi Marekani alizieneza kazi za mwalimu wake kwa lugha ya Kiingereza, na mwaka 1912 alichapisha mapitio ya wagonjwa wote wa ugonjwa huo waliokuwa wamejulikana hadi hapo, akimwongeza mgonjwa wake mwenyewe. Hata hivyo, kwa sababu ya rangi yake, malipo na vyeo vilivyomstahili vilimpita. Uzeeni alipofuka, na alifariki mwaka 1953. Vitabu vingi vya shule havimtaji. Wahenga walisema, avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo.

KIMYA CHA TÜBINGEN

Ubongo wa Auguste ulipofika, Alzheimer aliukata vipande vyembamba na kutumia njia mpya ya kuvitia rangi kwa chumvi za madini ya fedha, iliyobuniwa na Max Bielschowsky. Akaona mambo matatu. Kwanza, ubongo ulikuwa umesinyaa na seli nyingi za neva zilikuwa zimekufa. Pili, ndani ya seli kulikuwa na nyuzi nene zilizosokotana kama uzi uliochezewa na paka, na mahali pengine seli yenyewe ilikuwa imetoweka, zikabaki nyuzi tu. Tatu, katikati ya seli, zikiwa zimetapakaa, kulikuwa na chembe za uchafu wa ajabu uliogandamana.

Tarehe 3 Novemba, 1906 alisimama mbele ya mkutano wa madaktari wa magonjwa ya akili mjini Tübingen, akaeleza habari za mgonjwa wake na alichokiona. Alipomaliza, mwenyekiti aliuliza kama kuna swali. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mkutano ukaendelea na mada nyingine. Mwalimu yeyote aliyewahi kumaliza kipindi na kukuta darasa zima liko kimya anajua uchungu wa dakika ile.

Mwaka 1907 alichapisha ripoti fupi ya kurasa chache. Haki inataka tuseme pia kwamba hakuwa peke yake. Mwaka huohuo, mjini Prague, daktari Oskar Fischer alichapisha uchunguzi wa chembe zilezile katika bongo za wazee waliopoteza kumbukumbu. Fischer, aliyekuwa Myahudi, alifia katika kambi ya Wanazi ya Theresienstadt mwaka 1942, na jina lake likafunikwa kwa miaka mingi.

Aliyeuita ugonjwa kwa jina la Alzheimer ni Kraepelin, katika toleo la nane la kitabu chake mwaka 1910. Kwa muda mrefu jina hilo lilitumika kwa wagonjwa ambao hawakuwa wazee sana. Ni miaka ya 1960 na 1970 ndipo wataalamu wa Uingereza na Marekani walipothibitisha kwamba wazee wengi wanaopoteza kumbukumbu wana chembe na nyuzi zilezile. Kumbe yule mama wa Frankfurt hakuwa kioja. Alikuwa mmoja wa mamilioni.

Mwaka 1912 Alzheimer aliteuliwa kuwa profesa huko Breslau, mji ambao leo uko Poland na unaitwa Wrocław. Akiwa safarini kwenda kushika kazi hiyo aliugua ndani ya treni, na maradhi yale yaliharibu moyo wake. Hakupona kabisa. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza alizidi kulemewa na kazi. Alifariki tarehe 19 Desemba, 1915 akiwa na miaka 51, umri uleule aliokuwa nao Auguste siku alipoletwa hospitalini. Alizikwa Frankfurt, kando ya Cecilie.

KUTOKA KUTAZAMA HADI KUPAPASA

Mtu anaweza kuuliza, je, miaka zaidi ya mia moja baadaye sayansi imefika wapi? Nitaeleza kwa ufupi, kwa sababu kazi ya marehemu haikufa naye.

Mwaka 1984 watafiti wa Marekani, George Glenner na Cai'ne Wong, waligundua kwamba zile chembe zimetengenezwa kwa kipande cha protini kiitwacho amiloidi beta. Baadaye ikajulikana kwamba nyuzi za ndani ya seli zimetokana na protini nyingine iitwayo tau. Protini hizi zimo katika ubongo wa kila mtu. Tatizo huanza zinapokunjika vibaya na kushikana, moja ikiivuta nyingine, mpaka zinakuwa nyuzi.

Nyuzi hizo ni nyembamba mno. Moja huwa na unene wa nanometa kumi hivi, na nanometa ni sehemu moja ya bilioni ya meta. Unywele wa mtu una unene wa nanometa 80,000 hivi. Hadubini ya mwanga, kama aliyotumia Alzheimer, haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana chini ya nanometa 200. Yeye aliona mashada, hakuona uzi mmoja mmoja. Kufika huko kulihitaji vifaa vya namna nyingine.

Kifaa kimoja kilitoka kwa mtoto wa Frankfurt, mji uleule wa Auguste. Gerd Binnig alizaliwa huko mwaka 1947. Mwaka 1986, pamoja na Calvin Quate na Christoph Gerber, alitangaza hadubini ya nguvu za atomi. Kifaa hiki hakitazami, kinapapasa. Kina kipande kidogo kinachonesa, chenye ncha kali kuliko sindano yoyote. Ncha hupita juu ya kitu mstari kwa mstari. Ikikutana na kilima, kipande kinapinda juu, na ikikutana na bonde, kinashuka. Mwale wa leza unaomulika mgongoni mwake hupima kupinda huko, na kompyuta huchora ramani.

Wanafunzi wangu huelewa ninapowapa mfano wa mama. Kule Katumba mafuta ya taa yalipokwisha, mama alichambua maharage gizani. Vidole vyake vilitofautisha punje na kokoto bila kukosea. Hadubini hii hufanya vivyo hivyo, isipokuwa maharage yake ni protini.

Faida yake kubwa ni kwamba inaweza kufanya kazi ndani ya maji, bila kutia rangi wala kukausha. Kwa hiyo mtaalamu anaweza kufuatilia protini zikishikana. Mwaka 2016 watafiti wa Japani, wakitumia aina yake ya kasi kubwa, walichapisha picha zinazoonyesha nyuzi za amiloidi beta zikirefuka, zikisimama, kisha zikirefuka tena. Mambo ambayo Alzheimer aliyakuta yamekwisha, kama mtu anayefika kijijini baada ya moto, leo yanaonekana yakitokea maabarani.

Ncha hiyohiyo inaweza pia kubonyeza, kama mama sokoni anavyobonyeza parachichi kujua kama limeiva. Mwaka 2007 watafiti wa Los Angeles walibonyeza seli zilizotolewa kwenye majimaji ya vifua vya wagonjwa. Seli za saratani iliyosambaa zilikuwa laini kuliko seli nzima kwa zaidi ya asilimia 70, ingawa kwa macho zilifanana. Wataalamu wanaamini kwamba ulaini huo husaidia saratani kupenya na kusafiri mwilini.

Lakini tusijidanganye. Hadubini hii haiingii kichwani mwa mtu aliye hai. Inafanya kazi kwa sampuli zilizoko maabarani, na bado ni chombo cha utafiti. Dawa pia zipo, lakini za kiasi. Mwaka 2023 na 2024 Marekani iliidhinisha dawa mbili zinazoondoa amiloidi kwenye ubongo. Zinapunguza kidogo kasi ya ugonjwa kwa walio katika hatua za mwanzo, zina hatari zake, na haziponyi. Kwetu huku ni za kusikia tu.

TUANZE ALIPOANZIA

Sasa kwa nini nimekusimulia habari za Mjerumani aliyefariki mwaka 1915? Ni kwa sababu ya namba moja na faili moja.

Namba ni hii. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na maradhi ya kupoteza kumbukumbu na akili, na zaidi ya asilimia 60 yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Ugonjwa wa Alzheimer ndio sehemu kubwa zaidi. Kwa hiyo katika kila tarafa wapo wazee wanaofunga mafurushi jioni, na wapo majirani wanaonong'ona. Mzee akiitwa mchawi anaweza kufukuzwa, kupigwa, hata kuuawa, kwa kosa la kuugua.

Faili ni lile la Auguste. Lilipotea kwa miaka mingi, watu wakaanza kutilia shaka kama kweli Alzheimer aliona alichosema. Desemba 1995 lilikutwa kwenye kumbukumbu za hospitali huko Frankfurt. Ndani yake mlikuwa na maswali ya daktari kwa mwandiko wake, majibu ya mgonjwa, picha yake, na karatasi aliyojaribu kuandikia jina lake. Miaka hiyohiyo ya 1990 vipande vya ubongo wake vilipatikana Munich, na chembe na nyuzi zilikuwamo.

Kwangu mimi, funzo liko kwenye utaratibu wa kazi yake. Kabla ya hadubini alikuwa na kiti, kalamu na subira. Sisi hatuna maabara ya Munich, lakini kiti tunacho. Mzee wako akianza kusahau, usimpeleke kwa mganga wala usimfungie ndani. Mpeleke kwa daktari mapema, kwa sababu kusahau kwingine hutokana na mambo yanayotibika, kama upungufu wa vitamini, matatizo ya tezi ya shingo, huzuni kubwa au dawa anazotumia. Na ikiwa ni ugonjwa usiopona, angalau familia itajua ni ugonjwa, na majirani wataambiwa. Mficha maradhi kilio humuumbua.

Mimi niliwaita majirani uani, nikawachorea ubongo kwa chaki kwenye ubao wa mlango, kama nilivyochorewa hadubini utotoni. Si wote walioamini. Lakini bibi mmoja aliyekuwa akivuka njia akimwona mama, siku hizi huja kukaa naye.

Nami niliacha kubishana. Jioni mama akifunga furushi lake, ninakaa karibu naye mlangoni, ninamuuliza huko nyumbani kukoje, naye ananieleza. Siku nyingine ni Katumba, siku nyingine ni mahali nisipopajua. Ninaandika anayoyasema kwenye daftari la shule. Kisha ninamletea ungo wa maharage. Jina langu halikumbuki tena, lakini kokoto hata moja haimpiti.